Pima ukuta ulivyo: kurekodi majengo ya kale Mombasa

Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale haina pembe mraba. Ukiichora kwa pembe mraba, umechora nyumba nyingine. Ndilo kosa linalojirudia zaidi katika michoro tunayoletewa: vyumba vimenyooka vizuri, kisha ukivijumlisha pamoja na kuta havilingani na kipimo cha nje.

Kwa hivyo chumba kipimwe pande zote nne, halafu pembe kwa pembe, mara mbili. Chukua chumba cha mita 2.60 kwa 6.40. Kingekuwa na pembe mraba, pembe kwa pembe ingesoma 6.91 kotekote. Ukipata 6.98 upande mmoja na 6.84 upande wa pili, chumba kimelala, na usikinyooshe kwenye karatasi. Huenda kinafuata mpaka wa kiwanja cha zamani, au kichochoro kilichozibwa. Upana huo mdogo nao una sababu: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hairuki zaidi ya takriban mita tatu bila kulegea. Ukikuta chumba cha kale cha mita nne na nusu, uliza kwanza ni ukuta gani uliobomolewa, au nini kilichoingia mahali pa boriti.

Madirisha na vidaka, yaani mashimo ya ukutani ya kuwekea vitu, visipimwe kimoja kimoja. Kaza tepu ukutani kuanzia pembeni, sifuri isisogee, kisha soma mfululizo: 0.84, 1.72, 2.31, mpaka mwisho wa ukuta. Ukipima vipande vipande, kila kipande kina kosa lake la nusu sentimita. Kwa vipande kumi unaweza kupotea sentimita tano. Watu watatu wanatosha: mmoja anashika sifuri, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika huku akirudia alichosikia. Anayeandika kimya ndiye anayegeuza 1.69 kuwa 1.96. Kipimo cha leza ni kizuri ndani, lakini juani, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, nukta yake nyekundu huioni.

Urefu wa kwenda juu hauanzii sakafuni, kwa sababu sakafu imeinuliwa mara nyingi na huenda ina mteremko. Jaza maji kwenye mpira unaopitisha mwanga, kama mafundi wanavyofanya, maji yatulie kimo kimoja ncha zote mbili, piga alama za penseli za kimo kimoja nyumba nzima, kisha pima juu na chini kutoka hapo. Timazi, kamba yenye uzito chini, iangushwe kila ukuta unaoonekana kuinama. Ramani ya sakafu kwa skeli ya 1:50, mlango wa nakshi au mihrabu kwa 1:20. Chora kwenye filamu ya plastiki, si karatasi. Unyevu wa Mombasa hutanua karatasi, na mkono wenye jasho humaliza kazi.

Ukishapima, soma ukuta. Zima taa, elekeza tochi kutoka ubavuni, na mishono itajitokeza. Kuta mbili zinapogusana bila mawe kuingiliana, mojawapo imekuja baadaye. Ile ambayo lipu yake inaendelea nyuma ya mwenzake ndiyo ya kwanza. Kidaka chenye kina kidogo, na boriti fupi juu yake, mara nyingi ni mlango uliozibwa. Rekodi pia chumvi inapoishia ukutani, na tarehe, kwa sababu wakati wa masika mstari huo hupanda. Ukuta uliopigwa simiti juu ya mawe ya matumbawe hufungia maji ndani: chumvi hujikusanya nyuma ya simiti, kisha simiti huanguka pamoja na uso wa jiwe.

Msikiti una utaratibu wake. Zungumza na imamu na kamati kabla ya siku ya kazi, Ijumaa usiende, na fanya kazi kuanzia asubuhi mpaka kabla ya adhuhuri. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla hapa ni kaskazini hasa. Msikiti wa kale ukielekea digrii kumi pembeni, hilo ni jambo la kuandikwa, si la kusahihishwa. Dira isisomwe karibu na mabati wala nondo. Mihrabu ipimwe ndani na nje. Maandishi ya Kiarabu yapigwe picha yakitazamwa moja kwa moja, bila chaki juu yake. Mwaka wa Hijria ulioandikwa unaweza kuwa wa ukarabati, si wa kujengwa.

Miaka iliyochapwa kwenye vifaa inadanganya zaidi. Vigae vya paa vya Mangalore, India, vya kiwanda cha Basel Mission hubeba 1865, na huo ni mwaka wa kuanzishwa kiwanda. Kigae chenyewe kinaweza kuwa cha miongo mingi baadaye. Reli kuukuu iliyowekwa mahali pa boriti huwa na jina la kiwanda na mwaka ubavuni. Inakwambia dari haikuwekwa kabla ya mwaka huo, basi. Ilikaa kwenye njia ya treni miaka mingapi kabla ya kung'olewa, haisemi.

Kwenye godauni, kinu cha mafuta au tanuri la mbata shambani, mashine nyingi zimeshauzwa kama vyuma chakavu. Usiondoke. Fagia sakafu. Utaona bolti zilizokatwa, madoa ya mafuta, na ukutani matundu ambamo mhimili wa mikanda, chuma kirefu kilichozungusha mashine, ulipita. Pima umbali kati ya bolti, kipenyo cha tundu, na urefu wake kutoka alama ya penseli. Kwa vipimo hivyo unajua mashine ilikaa wapi na nguvu iliingilia upande gani. Mashamba na viwanda ndivyo vinavyobomolewa bila yeyote kuuliza, maana si vya kupendeza machoni, kwa hiyo sisi tungeanza huko.

Mchoro umalizwe jioni ileile, wakati alama za penseli bado ziko ukutani. Kipimo kisichokubali kukaa kirudiwe kesho asubuhi. Ukiondoka, fundi wa rangi atakuwa amezifuta.