Vifaranga wa bata wanakufa? Acha kuwalea kama kuku

Juzi kuna dada kanitumia meseji, vifaranga wake wa bata wanaanguka mmoja mmoja, miguu imelegea, na jirani kashamwambia ni kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku. Nikamuuliza unawalisha nini, akasema stata ya kuku basi, yaani chakula cha kuanzia cha vifaranga. Maji je? Kwenye kile kidrinka cha vifaranga wa kuku. Nimeulizwa hili swali mpaka nimechoka, ngoja niliandike kila mtu asome.

Mimi nafuga Kigamboni, nyuma ya nyumba tu hapa, kuku wa kienyeji, kanga wachache na bata hawa wetu wenye vinundu vyekundu usoni. Nilipoanza, shemeji yangu mmoja alikaa sebuleni kwangu, akala wali wangu, akasema bata ni uchafu, mfugaji wa kweli anafuga broila. Sawa. Idd iliyopita yeye mwenyewe ndo kanipigia simu anatafuta bata wawili wa haraka, nikampa bei ileile ya wateja, sikupunguza hata mia.

Haya, miguu. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko wa kuku, akikosa miguu inapinda anashindwa kusimama. Sio lazima ukimbilie dukani, twanga dagaa changanya kwenye stata, ongeza pumba za ngano, na kama jirani anapika pombe muombe machicha. Na maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, bata anaosha pua humo, ila asiweze kuingia mwili mzima, mimi naweka mawe kwenye beseni. Aliyetotolewa na mashine hana mama wa kumfunika, akilowa anaganda na baridi amekufa huyo. Wiki ya kwanza joto nyuzi 32 hadi 35, wakirundikana chini ya balbu wana baridi, wakiikimbia huku wanahema punguza.

Sasa hili bado linaniuma. Kuna duka lilishawahi kuniuzia pumba za mahindi zenye kaharufu ka uvundo, nikauliza, nikaambiwa ni unyevu tu wa stoo. Vifaranga wa bata wakaanza kuzubaa, hawali, kufika mwisho wa wiki nazika tu, na kuku waliokula pumba hizohizo wanadunda uani. Nilivyorudi dukani jamaa akanijibu mbele za watu, mbona kuku wako hawajafa? Ndo hapo sasa! Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, inaua kifaranga wa bata kwa kiasi ambacho kuku anaweza kukivumilia, na mtu anayeuza chakula cha mifugo anatakiwa ajue hilo kuliko mimi. Jamani muogopeni Mungu, hizo ni ada za watoto wa watu mnachezea. Na wewe mnunuzi usione aibu, ingiza mkono katikati ya gunia, nusa, ukiona ukungu acha hapohapo hata kama mmezoeana.

Kuwachanganya inawezekana, mchana. Usiku kila mtu na banda lake, maana bata anamwaga maji, maranda yanalowa, na koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu, inapenda hapo hapo, watakaoumia ni vifaranga wa kuku. Tena bata anaweza kubeba kideri asioneshe dalili yoyote, kwa hiyo kuku wako wapate chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu, usingoje uone mmoja kapinda shingo.

Halafu madume. Dume mmoja kwa majike wanne watano anatosha, wakizidi wanawapanda matetea na wanawaumiza vibaya, kuku hana umbile la kumhimili bata. Ukiona kuna dume asubuhi anasimama mlangoni kwa kuku anasubiri matetea watoke, huyo mpigie mteja simu siku hiyohiyo.