Likizo ya meli kwenye baridi: majibu kwa wazazi

Tunapanda meli ya kitalii kwenda Alaska mwezi wa Julai. Watoto hawataganda?

Hawataganda ng'o. Mchana wa Julai mjini Juneau huwa nyuzi 14 hadi 18 hivi, na ndani ya meli mtu hukaa na fulana. Msumbufu mkubwa ni mvua. Mji wa Ketchikan, pia Alaska, hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo nunueni kwanza koti lisilopitisha maji, sweta nene baadaye. Soksi ziwe za sufu. Za pamba zikilowa hazikauki upesi, na mtoto mwenye miguu baridi hana habari na nyangumi. Glavu na kofia mtazihitaji siku ya kusogelea mto wa barafu, maana upepo unaoshuka kutoka huko hukata.

Mwanangu wa miaka saba huchoka upesi. Ataitazama barafu kwa saa nzima?

Ataitazama, ukimpa kazi. Chukua mfano wa Hubbard, mto wa barafu wa Alaska: ukuta wenye upana wa kilomita 10 hivi, unaoishia baharini. Pande linapomeguka, jicho huona kwanza. Mngurumo hufika baadaye kama radi. Mwambie ahesabu: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Atauliza pia kwa nini barafu ni ya buluu. Jibu ni kwamba imegandamizwa miaka mingi hadi viputo vya hewa vikabanwa, na barafu nzito hivyo hufyonza wekundu wa mwanga. Na msigombanie nafasi sitahani. Nahodha kwa kawaida huigeuza meli taratibu ili kila upande uone. Mimi ningeshuka kunywa kitu cha moto wenzangu wakisukumana.

Tunaondokea Seattle. Visa ya Marekani inatosha?

Huenda isitoshe. Sheria ya Marekani ya 1886 haiziruhusu meli zilizosajiliwa nje kuchukua abiria Seattle na kuwarudisha hapo hapo bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana nyingi hupitia Victoria, Kanada, mara nyingi jioni, kwa saa chache tu. Ulizeni mapema masharti ya Kanada kwa kila pasipoti, ya mtoto mchanga ikiwemo, na kama visa yenu ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Tukienda Norwe mwezi wa Juni tutaona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi angani usiku?

Hapana. Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, jua halizami tangu mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai, na mianga hiyo hutaka giza. Bebeni vitambaa vya kufunika macho. Kumlaza mtoto saa nne usiku jua likiwaka ni kazi.

Na Antaktika?

Subirini wawe vijana. Mkivuka Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, mtapigwa na mawimbi siku mbili hivi kwenda, na nyingine mbili kurudi. Ufukweni hushuka watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Pengwini hawakaribiwi chini ya mita tano. Harufu yao, hata hivyo, haijui mita.

Kichefuchefu je?

Alaska, njia ya ndani imekingwa na visiwa, hivyo bahari mara nyingi imetulia. Chagueni chumba cha katikati, sitaha za chini, na vipimo vya dawa za watoto muulizeni daktari kabla hamjaondoka.