Maswali ya Wasomaji: Huyu Julian Lennon fani yake hasa ni ipi?

SWALI: Habari mhariri, mimi msomaji wenu wa Tanga. Naomba kuuliza kuhusu Julian mtoto wa John Lennon wa bendi ya Beatles, mara nasikia ni mwimbaji, mara mpiga picha, mara katoa vitabu vya watoto. Mbona naona kama anatangatanga?

JIBU: Asante dada yangu ila hapo kwenye kutangatanga sikubaliani na wewe kabisa. Huyu bwana kazaliwa Liverpool 1963, baba yake akauawa New York Desemba 1980 yeye akiwa na miaka 17 tu, halafu 1984 akatoa albamu yake ya kwanza, Valotte, ikafanya vizuri mpaka akatajwa kugombea tuzo ya Grammy ya msanii mpya, sasa shida ikawa sauti. Sauti ni ya baba yake mtupu! Ukifumba macho unasema huyu John, kwa hiyo kila akiimba watu wanampima na marehemu, na marehemu huwezi kumshinda.

Ndo maana mimi kamera yake naielewa sana. Mwaka 2007 alikuwa anampiga picha mdogo wake Sean akiwa ziarani kimuziki, 2010 akafungua maonyesho yake New York, na kwenye upigaji picha baba hakuacha jina, kwa hiyo watu wanaangalia picha tu basi. Zingine kazipiga huku kwetu Kenya na Ethiopia, alikokwenda kuona miradi ya maji safi. Kwangu mimi hiyo ndo kazi yake bora kuliko hata nyimbo, najua mashabiki watanijia juu ila ndo ninavyoona.

Vile vitabu vya watoto ni vitatu, vilitoka 2017 hadi 2019, vinahusu maji na mazingira, yaani mambo yaleyale ya White Feather Foundation (yaani Unyoya Mweupe), shirika alilolianzisha 2007. Jina hilo lina kisa, baba yake aliwahi kumwambia akishatangulia atamletea ishara kwa unyoya mweupe, miaka ikapita, Julian akiwa ziarani Australia wazee wa kabila la Mirning wakamkabidhi unyoya mweupe wakiomba awasaidie. We ungekataa?

SWALI: Ni kweli ule wimbo wa Beatles, Hey Jude, ulitungwa kwa ajili yake?

JIBU: Kweli kabisa. 1968 ndoa ya wazazi ilikuwa inavunjika, Paul McCartney, mwenzake John kwenye Beatles, akawa anaendesha gari kwenda kumwona Julian na mama yake Cynthia, humo njiani akaanza kuimba "Hey Jules", baadaye akabadilisha ikawa Jude. Na ule wimbo mwingine wa Beatles, Lucy in the Sky with Diamonds, nao ulitokana na mchoro wa Julian mwenyewe, alimchora Lucy mwanafunzi mwenzake akarudi nao nyumbani kumwonyesha baba. Muziki pia hajaacha, 2022 katoa albamu na kaiita Jude, iko mitandaoni itafute.