Maswali na Majibu: Sabuni ya Nyumbani Huanzia kwenye Mizani

Barua za toleo hili zimetoka Mbagala hadi Unguja, na nyingi zinahusu sabuni: jinsi ya kuitengeneza nyumbani, kwa nini imeharibika, na kama kweli inapunguza matumizi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Tuko watu saba nyumbani na sabuni inakula hela. Nikitengeneza mwenyewe nitaokoa kweli, au ni maneno ya semina tu? (Msomaji wa Mbagala)

Utaokoa, ila si kwa kila aina ya sabuni. Kilo 1 ya mafuta ikichanganywa na gramu 145 za kostiki (haidroksidi ya sodiamu, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) na gramu 300 za maji hutoa uji wa karibu kilo 1.45. Sabuni ikishakauka wiki 6 hubaki takriban kilo 1 na robo. Chukua bei ya mafuta na kostiki, jumlisha, gawa kwa 1.25, nawe umepata gharama ya kilo moja ya sabuni kavu. Kisha beba mche wa dukani uuweke kwenye mizani hiyohiyo, ujue kilo yake inauzwaje.

Hapo utaona jambo ambalo walimu wengi wa semina hawalisemi. Viwanda hununua mawese kwa tani, na miche mingi ya bei ya chini huongezewa silikati ya sodiamu na vijazo vingine. Wewe unayenunua mafuta ya kupikia kwa bei ya rejareja huwezi kushindana na mche wa kufulia wa bei rahisi. Faida yako ipo kwingine: kwenye sabuni ya kuogea, kwenye sabuni ya maji ya vyombo, na popote unapopata mafuta kwa bei ya chini. Mtu wa Kigoma ana mawese, wa Mafia au Pangani ana nazi, wa Singida ana alizeti wakati wa mavuno. Wewe wa Mbagala una wakaanga chipsi, na mafuta waliyomaliza kukaangia tunayazungumzia hapa chini.

Kifaa cha kununua kwanza ni mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Bila hiyo usianze.

Naomba vipimo kamili vya sabuni ya kipande ya kuogea. Kila ninayemuuliza ananipa vipimo vya vikombe na vijiko. (Msomaji wa Kahama)

Vikombe viache jikoni. Kila mafuta hula kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 0.183, mawese 0.141, alizeti au mzeituni 0.135, mafuta ya ng'ombe 0.140. Unazidisha, unajumlisha, kisha unapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na ngozi isikauke.

Mchanganyiko mzuri wa kuanzia ni mafuta ya mgando ya mawese yaliyosafishwa gramu 500, nazi gramu 300 na alizeti gramu 200. Mawese yanaipa sabuni ugumu, nazi inaleta povu, alizeti inaifanya laini. Hesabu ni 70.5 + 54.9 + 27, jumla 152.4, ukitoa asilimia 5 unabaki na gramu 145 za kostiki. Maji gramu 300. Ukikosa alizeti ukafikisha nazi gramu 500, kostiki inapanda hadi gramu 154. Ndiyo maana mafuta hayabadilishwi hivihivi bila kurudia hesabu.

Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar es Salaam, hupunguza povu na kuacha utando.

Vaa glavu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho na nguo ya mikono mirefu. Fanyia kazi nje au penye hewa, watoto wakiwa mbali. Pima maji kwenye chombo cha plastiki ngumu au cha stili, kisha mimina kostiki kidogokidogo ndani ya maji huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki: joto huzuka ghafla na mchanganyiko huruka usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji yatapanda kupita nyuzi 80, na mvuke wake unawasha koo, basi geuza uso. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo sufuria ya nyumba nyingi, haifai kabisa. Kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka moto.

Maji ya kostiki yakipoa hadi nyuzi 40 hivi, yeyusha mafuta yafike joto hilohilo, mimina kostiki kwenye mafuta na ukoroge. Kwa mwiko inaweza kuchukua dakika 30 hadi saa nzima au zaidi, kwa mashine ya mkono ya kusagia ni dakika chache. Uko tayari pale uji unaodondoshwa kutoka kwenye mwiko unapoacha mstari juu bila kuzama. Mimina kwenye kalibu ya mbao iliyotandikwa nailoni, funika, funga blanketi. Kata baada ya saa 24 hadi 48, panga vipande kivulini vikiachana, subiri wiki 4 hadi 6. Sabuni changa huyeyuka haraka bafuni, na hapo ndipo akiba yote inapokwenda na maji.

Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usipake siki kwenye ngozi. Jichoni, osha vivyo hivyo na uende hospitali. Mtu akiimeza, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja. Na tafadhali, kostiki au maji yake visiwekwe hata siku moja kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Watoto wameungua koo maisha yao yote kwa sababu ya chupa kama hiyo.

Nilifuata kipimo cha kilo moja, nikatumia lita 1 ya mafuta. Sabuni imepasuka juu, ndani ina chembe nyeupe, na inachubua mikono. Kostiki ilikuwa mbovu? (Msomaji wa Tanga)

Kostiki ilikuwa nzima, mama. Lita 1 ya mafuta haina kilo 1. Ina gramu 920 hivi. Ulipungukiwa gramu 80. Kwa mchanganyiko wetu wa juu, mafuta hayo yangehitaji gramu 140 tu za kostiki, nawe umeweka 145. Ile asilimia 5 ya tahadhari imekwisha na gramu 5 zimebaki bila mafuta ya kula. Chembe nyeupe zikichoma ukizigusa kwa kidole chenye maji, ni kostiki iliyobaki.

Usiogee sabuni hiyo, lakini usiitupe. Ikwangue ukiwa na glavu, iweke kwenye sufuria ya stili juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka, ongeza gramu 80 za mafuta yaleyale na maji kama nusu kikombe. Koroga mpaka iwe uji mzito usio na chembe, kisha ijaze tena kwenye kalibu. Haitapendeza kwa macho, ila itaogeka ikikomaa.

Sabuni yangu inatoka unga mweupe juu. Rafiki yangu, yake haigandi kabisa. (Msomaji wa Dodoma)

Unga mwepesi wa juu tu, usiochoma, ni kostiki ya usoni iliyokutana na hewa. Hauna madhara, ufute kwa kitambaa chenye maji, na safari nyingine funika kalibu mapema.

Ya rafiki yako ina sababu tatu za kawaida: maji mengi, alizeti nyingi, au kostiki iliyokaa wazi. Kostiki hunyonya unyevu wa hewani, hivyo gramu 145 za kostiki iliyoshikana mabonge si gramu 145 tena. Nunua ya chenga kavu, ifunge vizuri, na usitumie dawa ya kuzibua mabomba, kwani nyingine zina vipande vya alumini. Kama mafuta yameelea juu, alimimina kabla uji haujaacha mstari. Airudishe kwenye chombo akoroge tena, akiwa amevaa glavu.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi yanafaa? (Wasomaji watatu wameuliza)

Yanafaa sana kwa sabuni ya kufulia na kusafishia sakafu. Yachuje kwa kitambaa, yachemshe na maji sawa kwa sawa pamoja na kijiko cha chumvi kwa dakika 20, moto mdogo, bila kuondoka. Yaache yapoe usiku kucha. Mabaki hushuka na maji, mafuta huelea. Yateke, rudia kama bado yananuka samaki. Kisha yapashe polepole mpaka yaache kutoa sauti ya maji.

Tatizo ni kwamba hujui kama ni alizeti au mawese. Weka kipimo kinachosalimika kwa yote mawili: mafuta hayo gramu 800, nazi gramu 200, kostiki gramu 140, maji gramu 290. Yakiwa ya alizeti, punguzo lako ni karibu asilimia 3. Yakiwa ya mawese, asilimia 6. Uji wake huwa mzito mapema kuliko wa mafuta mapya, kwa hiyo kalibu iwe tayari. Usiitunze zaidi ya miezi michache, kwa maana mafuta yaliyochoka huchacha na kuleta madoa ya rangi ya machungwa.

Huku kwetu magadi ya Ziwa Natron ni rahisi. Yanaweza kuchukua nafasi ya kostiki? (Msomaji wa Arusha)

Hayawezi kugeuza mafuta ya kupikia kuwa sabuni ya kipande. Magadi ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, na nguvu yake haitoshi. Ukiyachemsha na chokaa iliyozimwa unapata kostiki kweli, ni njia ya zamani, lakini nguvu ya maji unayopata hubadilika kila mara na nyumbani huna namna ya kuipima. Tumia magadi kulainisha maji magumu ya kufulia. Hapo yanaokoa sabuni nyingi.

Nilitia mafuta ya karafuu, uji ukaganda kabla sijaumimina. (Msomaji wa Unguja)

Karafuu ndivyo ilivyo. Yujenoli iliyomo huharakisha uji kuganda. Tumia isiyozidi gramu 5 kwa kilo ya mafuta, kwani ikizidi inawasha ngozi pia. Ichanganye kwanza na mafuta kidogo, uitie mwisho kabisa uji ukiwa bado mwepesi, kwa joto la chini, ukikoroga kwa mwiko wala si kwa mashine.

Sabuni yangu ya maji lita 20 ilikuwa nzito kiasi. Nikaongeza chumvi izidi, ikawa maji matupu. Na mikono inakauka. (Msomaji wa Morogoro)

Chumvi huongeza uzito hadi kiwango fulani, ikipita hapo inauvunja. Jaribu kwenye kikombe kwanza: sabuni kidogo na maji kidogo. Ikianza kuwa nzito, ongeza maji kwenye ndoo nusu lita kwa nusu lita. Isipokaza, ongeza slesi (SLES, kemikali nzito ya kutoa povu) gramu 100 iliyolainishwa kwa maji.

Mikono inakauka kwa sababu ya soda ashi (kaboneti ya sodiamu) iliyozidi. Vipimo vingi vinavyozunguka mitaani vinasema robo kilo kwa kilo 1 ya salfoniki, ile asidi inayotengenezewa sabuni ya maji, na hiyo imezidi. Salfoniki kilo 1 inamalizwa ukali wake na soda ashi gramu 160 hadi 165.

Safari nyingine weka maji lita 10 kwenye ndoo kubwa, mimina salfoniki kilo 1 polepole huku ukikoroga. Nayo ni asidi, glavu na miwani ni lazima. Yeyusha soda ashi gramu 160 kwenye maji lita 2, uitie kidogokidogo, maana povu hupanda kwa kasi na ndoo iliyojaa itamwagika. Pima kwa karatasi ya pH. Unataka 7 hadi 8. Ongeza slesi gramu 500 iliyolainishwa usiku kucha kwenye maji lita 3, kisha fikisha lita 19. Chumvi iyeyushwe: anza na gramu 100, halafu gramu 50 kwa 50, na kila mara jaribu kwenye glasi kabla ya kugusa ndoo. Ikikaribia uzito unaoutaka, acha, kwa kuwa inaongezeka tena povu likishuka. Manukato mililita 40 yaingie mwisho, nayo yanaweza kuubadilisha uzito kidogo.

Fomalini, ambayo wengine huitia ili sabuni ya maji isiharibike, hatuishauri nyumbani. Ni kemikali inayojulikana kusababisha saratani, na mvuke wake unaumiza macho na mapafu. Gawa vipimo vyote kwa 4, tengeneza lita 5, zitumie ndani ya wiki chache, kisha tengeneza nyingine.