Shangazi, mabinti zangu wanahusikaje na tezi dume yangu?

*Shangazi, salamu. Nina miaka 63 na saratani ya tezi dume ambayo sasa imefika kwenye mifupa. Daktari anataka nipime vinasaba, ati ajue kama ugonjwa huu ni wa kurithi. Sioni maana. Upande wa baba hakuna aliyewahi kuugua tezi dume. Aliyepata saratani kwetu ni mama tu, alifariki kwa saratani ya matiti sisi tukiwa wadogo. Isitoshe sina mtoto wa kiume. Nina mabinti watatu, watu wazima, na wa pili anakaribia kuolewa. Nikikutwa na kitu, si nitamharibia? Nimemwambia daktari nitafikiria, lakini moyoni nimeshakataa. Nimekosea?*

*Baba Mabinti*

Kaka yangu, pole sana kwa maradhi. Barua yako nimeisoma nikakwama pale ulipopapita haraka: mama yenu alifariki kwa saratani ya matiti nyie mkiwa bado wadogo. Mwambie daktari jambo hilo, kwa sababu huenda hajalisikia.

Kuna jeni, yaani vipande vya vinasaba, ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Sote tunazo, wanaume kwa wanawake, na kazi yake ni kurekebisha vinasaba vinapoharibika ndani ya seli. Mtu akizaliwa na hitilafu kwenye mojawapo, marekebisho hayo hulegea na saratani hupata mwanya. Hitilafu ile ile, hasa ya BRCA2, inayomweka mwanamke katika hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, ndiyo humweka mwanamume katika hatari ya saratani ya tezi dume, tena ile kali. Kwa hiyo mama anaweza kumrithisha mwanawe wa kiume, naye akawarithisha mabinti zake. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume.

Sisemi kwamba unayo. Kati ya wanaume ambao saratani yao ya tezi dume imeshasambaa, takriban 1 kati ya 10 hukutwa na hitilafu ya kurithi kwenye jeni za aina hii. Wengi hawana. Lakini wapo wanaokutwa nayo ilhali hakuna mgonjwa wanayemjua katika ukoo, ndiyo maana daktari anamshauri kila aliyefika hatua yako apime.

Na majibu yanakuhusu wewe kwanza. Zipo dawa, olaparib ni mojawapo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya tezi dume yenye hitilafu hizi, ambazo hutumika pale tiba ya homoni inaposhindwa kuizuia. Daktari hawezi kujua kama zinakufaa bila kipimo. Chenyewe ni damu kidogo au mate. Kama walishapima vinasaba vya kinyama walichokutoa, hicho ni kipimo kingine. Uliza kama wameangalia pia ulichozaliwa nacho. Wakikuambia wameona badiliko ambalo maana yake bado haijulikani, hayo si majibu mabaya, na asije mtu akafanyiwa upasuaji kwa ajili yake.

Sasa huyu binti wa pili. Kama hitilafu ipo kwake, anayo tangu tumboni; kipimo chako hakimwongezei kitu. Akijua, ataanza kuchunguzwa matiti mapema kwa MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na akishamaliza kuzaa anaweza kuamua ovari zitolewe kabla hazijaleta balaa. Asipojua, hana la kuchagua. Amwambie mchumba wake au asimwambie, uamuzi huo ni wake, si wako wala wangu. Kufikiria si kosa, kaka. Ninachokikataa ni kuwakatalia mabinti jambo ambalo hujawauliza. Waite wote watatu siku moja, asije mmoja akalisikia kwa mwenzake.

Umeandika “sisi tukiwa wadogo”, kwa hiyo una ndugu. Nao wamezaliwa na mama huyo huyo, na hitilafu ikionekana kwako watahitaji kupima, wa kike na wa kiume. Anza na mkubwa wenu: muulize mama aliugua akiwa na umri gani, na kama dada zake waliugua. Daktari atakuuliza hayo ukirudi kliniki.