Na mama je, nani anampima?

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya kina mama wanaolea watoto wenye kisukari aina ya kwanza.

Mama mkwe anasema nilimharibu mtoto kwa pipi na chai ya sukari. Nimeanza kuamini. (Tanga)

Usiamini. Kisukari hiki hakiletwi na pipi. Kinga ya mwili wa mtoto imegeuka, ikashambulia chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Hukukosea popote. Siku ya miadi nenda naye kliniki, bibi asikie kwa daktari mwenyewe. Akibaki nje, ndiye atakayempa mjukuu soda kwa kificho.

Kila usiku naamka saa nane na saa kumi kumchoma kidole, nimpime sukari. Mwaka wa pili huu. Kazini nasinzia juu ya cherehani. (Mwanza)

Hapa nitakaa kidogo, maana barua zenu nyingi zinaishia kwenye usingizi. Hofu yako ina msingi: sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, mtoto hutetemeka, hutoka jasho, anaweza hata kuzimia. Ila usiku haulingani. Muulize muuguzi wenu upi ni wa kuamka: pengine ule aliocheza mpira hadi magharibi, au ana homa, au dozi imebadilishwa, au kaacha nusu ya ugali. Usiku mwingine, mkikubaliana, mpime kabla ya kulala, nawe ulale. Kitandani weka kikombe chenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, na maji pembeni. Ikishuka, koroga, anywe, umpime tena baada ya dakika 15. (Aliyezimia hapewi kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbilieni hospitali.)

Halafu dada, baba wa mtoto hukumtaja. Kama yupo, naye apewe usiku wake. Wengi husingizia kuogopa sindano, na ndio walewale wanaochinja mbuzi bila kupepesa macho. Kuna sindano za kalamu ya insulini zenye urefu wa milimita 4 tu!

Kanisani wanataka tuache insulini, tuombe siku saba. (Kitale)

Ombeni, na insulini iendelee. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14 alipokuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini kule Toronto, Kanada, watoto kama wako walikuwa wakifa. Siku saba hafiki salama.

Jana alikataa sindano, nikamzaba kofi, kisha nikajifungia bafuni nikalia. Mimi ni mama wa namna gani? (Dodoma)

Mama aliyechoka. Mwombe radhi, kwa maneno machache tu. Kesho muulize, "Leo tumbo au paja?" Sindano haina mjadala, pa kuchoma achague yeye.

Kilio nacho tusikipite. Kama wiki mbili sasa chakula hakipiti na hakuna kinachokufurahisha, mwambie muuguzi. Ukifika kutamani usiamke, nenda leo hii, usisubiri miadi. Wala usingoje kuulizwa. Daftari lile la kliniki lina safu za sukari ya mtoto tu.