Usifungue poda kabla ya asilimia

Kama hujawahi kuona siku ya proklamasyo, yaani ya kutangaza matokeo ya mwaka, hapa Lubumbashi, Kongo, njoo mwanzoni mwa Julai, shule zinapofunga mwaka. Viti vya kukodi vimejaa uwanjani, sono (vipaza sauti) inakoroma, watoto wamevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Na kila mama ana kopo la poda kwenye mkoba. Jina la mwanawe likisomwa kati ya waliofaulu, mtoto anamwagiwa kichwani mpaka anafanana na mtu aliyelala kwenye kinu cha unga.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi maikrofoni hukabidhiwa mimi. Nawaandikia walimu wenzangu, maana kosa langu sitaki mlirudie.

Mwaka ule, katika shule moja ya mtaa wa Katuba, tulisoma darasa zima kama ilivyokuwa desturi: wa kwanza hadi wa mwisho, jina kisha asilimia. Nilipofika chini nikataja mvulana mmoja wa darasa la tano, nikanyamaza kidogo kutafuta mstari, maana upepo ulikuwa unainua karatasi. Mama yake hakungoja. Aliruka kutoka kitini, kopo wazi, poda yote ikaishia kichwani kwa mtoto. Ndipo nikasoma: asilimia 41. Kwetu bila 50 hujapita. Uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka, maikrofoni ikiwa mdomoni. Mtoto alibaki amesimama, poda ikimdondoka kwenye kope, hajui afute au aache.

Tangu siku hiyo sisomi orodha nzima. Walimu tunakaa kikao cha alama siku kadhaa kabla ya sherehe, kwa hiyo matokeo tunayajua. Mwite mzazi wa aliyeanguka mapema, mpe buletini, karatasi ya alama za mtoto, darasani, mlango umefungwa, mweleze kama kuna mtihani wa marudio au ni kurudia darasa. Siku ya sherehe atakuja akipenda. Wenzangu walinipinga, wakasema aibu ndiyo inayomsukuma mtoto asome. Aibu nimeiona ikimfanya mtoto aache shule. Kumfanya asome, bado sijaona.

Mambo ya minervali, yaani ada ya shule, nayo yabaki ofisini. Shule za msingi za serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini za binafsi na sekondari bado zinalipisha, na kumtangazia baba mbele ya wageni kwamba buletini imeshikwa kwa sababu ya deni ni kumvua nguo mbele ya mwanawe.

Kuhusu zawadi, achaneni na vikombe vya plastiki vinavyong'aa. Wa kwanza mpe madaftari, kalamu na mkoba, kwa sababu Septemba haiko mbali na mzazi atakushukuru zaidi ya mtoto. Halafu tafuteni zawadi moja ya mtoto aliyepanda. Aliyetoka 44 akafika 58 amefanya kazi kubwa kuliko yule anayepata 80 kila mwaka bila jasho. Tulipoanza kuitoa, watoto wa viti vya nyuma walianza kusikiliza sherehe badala ya kusubiri soda na vitumbua.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Msianze saa mbili asubuhi. Julai ni baridi ya kweli huku, na watoto wanatetemeka ndani ya mashati mepesi huku mgeni rasmi hajafika. Akifika, mpeni dakika tano (atachukua ishirini, lakini mpeni tano). Wekeni mawe juu ya karatasi. Na someni majina yote matatu ya mtoto: darasa moja linaweza kuwa na akina Ilunga watatu, wakainuka wote kwa pamoja.

Yule mvulana alirudia darasa la tano. Mwaka uliofuata mama yake alikaa mstari wa mbele, kopo mkononi, kifuniko bado kimefungwa, macho kwangu. Nikaanza na asilimia: 57. Jina nikalitaja baadaye, lakini sidhani kama kuna aliyelisikia, kwa kelele alizopiga.